Serikali ikiwa mwagizaji pekee wa pombe: tunachojifunza kutoka Norfolk na majirani zake wa Pasifiki

Swali: Asalaam alaykum, mwalimu. Mimi ni ofisa ununuzi katika hoteli moja hapa Unguja. Mwanzoni mwa 2024 tulipata taabu kubwa ya kukosa bia na mvinyo, na tangu hapo kila nikiagiza moyo hautulii. Hivi karibuni mgeni wetu kutoka Australia alinisimulia kuhusu kisiwa cha Norfolk, huko Bahari ya Pasifiki, ambako kwa miaka mingi serikali yenyewe ndiyo ilikuwa ikiagiza pombe yote na kuiuza, na watu wakaridhika. Je, ni kweli? Walifanya hivyo ili kupunguza ulevi au kutafuta pesa? Na kwetu mpango kama huo ungefaa?

Jibu: Waalaykum salaam, ndugu yangu. Mgeni wako amekueleza kweli, ila hapo aliposema watu waliridhika pana mjadala. Nikupe kwanza jibu fupi: Norfolk serikali ilishika uagizaji wa pombe hasa kwa ajili ya mapato, na kupunguza ulevi kulikuwa jambo la pembeni. Visiwa vingine vya Pasifiki vilibana mlango wa pombe kwa sababu tofauti kabisa. Vingine viliogopa maafa yaliyokwisha kuwakuta, vingine vilifuata dini, vingine vilitawaliwa na wageni waliobagua watu kwa rangi, na kimoja kiliitikia kilio cha wanawake waliochoka kupigwa. Kwa hiyo mtu akisema "wenzetu wanadhibiti pombe, nasi tuige", muulize kwanza anazungumzia udhibiti upi.

Tuanze na Norfolk penyewe, maana jiografia yake ndiyo iliyouwezesha mpango huo. Ni kisiwa cha kilomita za mraba 35 hivi, chini ya Australia, zaidi ya kilomita 1,400 kutoka Brisbane. Sensa ya 2021 ilihesabu watu 2,188. Hakina bandari ya kufunga meli. Meli ya mizigo hutia nanga nje, mzigo ukashushwa kwenye matishari yanayovutwa na mashua hadi gati la Kingston au la Cascade, kisha winchi ikaupakua. Bahari ikichafuka, meli husubiri, na kisiwa kizima husubiri nayo. Na ingawa kiko chini ya Australia, kiforodha kilihesabiwa kuwa nje yake, hivyo katoni ya bia iliyotoka Sydney ilitozwa ushuru kama bidhaa iliyotoka nchi ya kigeni.

Fikiria kazi ya mtu wa forodha mahali kama hapo. Milango ni miwili ya baharini na uwanja mmoja wa ndege uliojengwa wakati wa Vita Kuu ya Pili. Hakuna jahazi litakaloingia usiku kutoka nchi jirani, kwa sababu jirani yuko mbali mno. Serikali ikitaka kujua kila chupa iliyoingia, inaweza. Nalisisitiza hili mapema kwa sababu Unguja iko umbali wa kilomita 35 hivi tu kutoka bara, ina bandari bubu kila upande, na boti za abiria huingia na kutoka mchana kutwa. Watu wanaolinganisha sheria za visiwa wakasahau kulinganisha pwani zake hupotea hapo hapo.

Sasa kwa nini serikali iingie dukani? Tangu Sheria ya Kisiwa cha Norfolk ya 1979, wenyeji walikuwa na bunge lao la watu tisa na mamlaka ya kujiendeshea mambo mengi, pamoja na kujitafutia fedha. Walikuwa na jambo moja waliloling'ang'ania kwa nguvu zote: hawakutaka kodi ya mapato. Hawakuilipa hadi Julai 2016. Lakini shule, hospitali, barabara na mishahara havikungoja. Basi fedha ilitafutwa kwenye ushuru wa forodha, stempu za posta zilizonunuliwa na wakusanyaji wa dunia nzima, tozo ya mafuta, tozo ya msafiri anapoondoka, na pombe. Ghala la pombe la serikali, ambalo wenyeji waliliita Liquor Bond, ndilo lililoagiza na ndilo lililouza. Mwenye baa alinunua hapo, na mwananchi aliyetaka chupa ya kwenda nayo nyumbani alinunua hapo.

Nikuonyeshe hesabu yake kwa mfano wa kubuni. Chukulia katoni ya bia imefika gatini kwa shilingi 40,000. Katika nchi ya kawaida serikali hutoza ushuru, tuseme 20,000, kisha mwagizaji binafsi huongeza faida yake ya 15,000, na katoni ikaingia sokoni kwa 75,000. Serikali ikiwa ndiyo mwagizaji pekee, katoni inabaki 75,000 ileile, ila zile 35,000 zote zinaingia mfuko wa umma. Mnywaji haoni tofauti, hazina inaiona. Hapo ndipo wanasiasa wa visiwa vidogo huvutika: fedha inapatikana bila ya kumpelekea mwananchi karatasi ya kodi. Na sehemu ya fedha hiyo inalipwa na watalii, ambao hawapigi kura.

Hata hivyo hesabu hiyo ina upande wa pili, na nadhani wewe kama mtu wa ununuzi utauona haraka. Zile 15,000 za mwagizaji hazikuwa faida tupu. Ndani yake mlikuwa na kodi ya ghala, mishahara ya wapakuzi, chupa zilizovunjika, bia iliyopitwa na tarehe, na mtaji uliolala miezi mitatu ukisubiri mnunuzi. Serikali ikijitwalia faida, imejitwalia na hasara hizo. Meneja wa ghala la umma akikosea kukadiria msimu wa watalii, hasara inalipwa na mfuko uleule unaonunua dawa za hospitali.

Kuna jambo zito zaidi. Ushuru hutungwa bungeni, kwa mjadala, na kila mtu anaujua. Faida ya duka la serikali hupangwa ofisini. Meneja akipandisha bei ya mvinyo kwa asilimia tano, amepandisha kodi bila ya mbunge hata mmoja kusimama kuitetea. Mimi naona huo ndio udhaifu mkubwa kabisa wa mpango wa Norfolk, mkubwa kuliko suala la bei au la upungufu wa aina za vinywaji ambalo watalii hupenda kulilalamikia.

Je, uliwasaidia? Kwa muda, ndiyo. Lakini tazama ulivyojengwa: uchumi ulitegemea watalii, na mapato ya pombe nayo yalitegemea watalii haohao. Baada ya msukosuko wa fedha wa dunia wa 2008 wageni wakapungua, na vyanzo vyote vikapungua kwa pamoja. Novemba 2010 waziri mkuu wa kisiwa, David Buffett, akatangaza kuwa wako tayari kuachia sehemu ya mamlaka yao ili Australia iwanusuru kifedha. Mwaka 2015 bunge lao likavunjwa, na wenyeji wengi waliumia sana kwa hilo. Julai 2016 kodi ya mapato ikaingia, na halmashauri mpya ya kisiwa ikarithi shughuli za serikali ya zamani, ghala la pombe likiwamo. Sisemi kwamba pombe ndiyo iliyowaangusha. Nasema kwamba faida ya pombe haikuweza kuwa nguzo, kwa sababu ilisimama juu ya msingi uleule uliokuwa ukititia.

Mgeni wako huenda hakukusimulia kuhusu Pitcairn, na bila ya Pitcairn hadithi ya Norfolk haikamiliki. Wenyeji wengi wa Norfolk ni uzao wa mabaharia walioasi katika meli ya Kiingereza ya Bounty mwaka 1789, pamoja na wanawake wa Tahiti waliofuatana nao. Mwaka 1790 walijificha Pitcairn, kisiwa kisichokuwa na watu. Mmoja wao, Mskoti William McCoy, aliwahi kufanya kazi katika kiwanda cha pombe kali kwao. Akagundua kwamba mizizi ya mmea uitwao ti, yenye sukari nyingi, inaweza kuchachushwa na kukenekwa. Yaliyofuata ni maafa. McCoy mwenyewe alijitupa kutoka jabalini akiwa amelewa. Mwenzake Matthew Quintal alikuwa mkatili mno hivi kwamba wenzake wawili waliobaki walimuua kwa shoka. Kufikia mwisho wa 1800 mwanaume mzima aliyesalia alikuwa mmoja tu, John Adams, akiwa na wanawake na watoto. Akawalea kwa Biblia.

Jamii iliyokua kutokana na hali hiyo iliichukia pombe kwa sababu iliyoijua kwa damu yake. Mwaka 1856 watu wote 194 walihamishiwa Norfolk, na baada ya miaka michache baadhi ya familia zikarudi Pitcairn. Kuanzia miaka ya 1880 hao waliorudi wakaingia Usabato, dini isiyoruhusu pombe wala tumbaku. Kwa hiyo jamii moja ikagawanyika visiwa viwili, na kila kisiwa kikapanga jambo la pombe kwa njia yake. Norfolk ilimbana muuzaji: ni serikali peke yake. Pitcairn ilimbana mnywaji: kwa miaka mingi mkaazi au mgeni alitakiwa kuwa na leseni ya miezi sita ndipo aruhusiwe kununua, kuagiza au kunywa pombe. Leo leseni hiyo imeondolewa, duka la serikali linauza pombe, na pana mkahawa mmoja wenye ruhusa ya kuiuza. Kisiwa kina watu wasiozidi hamsini, na meli ya mahitaji hutoka New Zealand mara chache kwa mwaka.

Napenda kuwaeleza watu habari ya leseni ile ya Pitcairn kwa sababu inafundisha jambo ambalo Norfolk haifundishi. Mahali ambapo kila mtu anamjua mwenziwe, kumwandikia mnywaji karatasi ni udhibiti wa kweli, maana aibu ndiyo inayofanya kazi na karatasi inaisaidia tu. Kwenye kisiwa chenye watu 2,000 tayari jambo hilo linalegea. Zanzibar, ambayo sensa ya 2022 iliihesabia zaidi ya watu 1,880,000 pamoja na watalii wasiojulikana na mtu, haliwezekani kabisa.

Tokelau, visiwa vitatu vya matumbawe chini ya New Zealand, kuna njia nyingine ambayo naiona ya busara. Hakuna ndege, hufikiwa kwa meli kutoka Apia, mji mkuu wa Samoa, safari ya siku nzima na zaidi. Kila kisiwa kina baraza lake la wazee liitwalo Taupulega, na baraza hilo ndilo linalosema bia iuzwe vipi katika duka la ushirika la kijiji na kwa mgao gani. Udhibiti uko mikononi mwa watu watakaolala usiku wakisikia kelele za walevi, haujawekwa ofisini mji mkuu.

Sasa nikupeleke nyuma kidogo, mahali ambapo historia ya Pasifiki na ya kwetu zinakutana. Mwaka 1890 mataifa ya Ulaya, pamoja na mengine machache, yalitia saini Mkataba wa Brussels kuhusu biashara ya watumwa, ule uliounda pia ofisi ya kimataifa hapo Zanzibar ya kufuatilia biashara hiyo baharini. Ndani yake mliwekwa masharti ya pombe kali kwa sehemu kubwa ya Afrika, kutoka latitudo ya 20 kaskazini hadi ya 22 kusini. Palipokuwa na watu wasiotumia pombe kali kwa sababu ya dini au sababu nyingine, kuiingiza kulipigwa marufuku. Palipokuwa tayari na matumizi, iliwekewa ushuru. Pwani yetu iliingia katika mpango huo. Kwa hiyo wazo la kuzuia pombe mlangoni kwa jina la dini ya wenyeji lina zaidi ya miaka 130 huku kwetu, na walioliandika kwanza katika mkataba wa mataifa ni wakoloni.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza makoloni ya Ujerumani yaligawiwa chini ya Shirikisho la Mataifa, lile lililotangulia Umoja wa Mataifa. Tanganyika ilikwenda kwa Uingereza ikiwa ya daraja B, na Samoa ya Magharibi ilikwenda kwa New Zealand ikiwa ya daraja C. Ibara moja ya hati ya Shirikisho hilo, ya 22, ndiyo iliyozifunga zote mbili, na biashara ya pombe ilitajwa humo sambamba na biashara ya watumwa na ya silaha. Tanganyika mtawala alitakiwa kudhibiti kwa ukali uuzaji wa pombe kali. Samoa alitakiwa kutowapa wenyeji pombe kabisa. Watawala wa New Zealand wakaenda mbali zaidi wakapiga marufuku kwa wote, wazungu wakiwamo. Matokeo yake ni kwamba watu wakaanza kutengeneza bia majumbani, na chupa za pombe kali zikawa zinatoka kwa kibali cha tiba. Ukiwa na daktari anayekuelewa, ulikuwa na whisky.

Nalitaja hili kwa uchungu kidogo, kwa sababu udhibiti wa aina hiyo ulijengwa juu ya dharau. Uliamini kwamba Msamoa au Mswahili hawezi kujitawala mbele ya chupa, na Mzungu anaweza. Huku kwetu Waafrika walinyimwa pombe kali za viwandani kwa sehemu kubwa ya utawala wa Waingereza, na Nairobi, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1920, manispaa ilijipa haki ya kuwa muuzaji pekee wa pombe ya kienyeji kwa Waafrika katika jumba lake mtaani Pumwani. Faida ilitumika kugharamia huduma za mitaa ya Waafrika haohao. Yaani maskini alijengewa choo kwa fedha ya kikombe chake, na walipakodi matajiri wa mji wakapumzika. Linganisha na Norfolk: hesabu ni ileile. Tofauti ni kwamba Norfolk wanywaji walikuwa na kura ya kuwaondoa waliopanga bei, na Pumwani hawakuwa nayo.

Kilicholingana kila mahali ni kwamba mlango ukibanwa, watu hupika. Kisiwa cha Atiu, katika Visiwa vya Cook, wanaume walikwenda msituni kuchachusha maji ya machungwa ndani ya kisiki cha mnazi kilichochongwa, wakakaa duara na kikombe kimoja kikazunguka. Wamisionari walipinga, sheria ikapinga, na desturi ile, wanayoiita tumunu, ipo hadi leo na watalii hupelekwa kuitazama. Kwetu gongo na chang'aa ni wa ukoo huohuo, isipokuwa zetu zimeua na kupofusha watu wengi pale wapikaji walipochanganya kemikali za viwandani. Anayepanga bei na kodi ya bia ya halali lazima aweke mezani bei ya gongo mtaa wa pili. Asipofanya hivyo, anahamisha wanywaji kutoka kwenye kinywaji kinachopimwa kwenda kwenye kisichopimwa.

Mfano ninaouheshimu kuliko yote unatoka Weno, zamani Moen, kisiwa kikuu cha Chuuk, kundi la visiwa huko Mikronesia, wakati visiwa hivyo vilipokuwa chini ya uangalizi wa Marekani kwa niaba ya Umoja wa Mataifa. Wamarekani waliwaruhusu wenyeji kunywa mwishoni mwa miaka ya 1950. Ndani ya miaka ishirini vijana wa kiume walikuwa wakilewa kila mwisho wa wiki, wakipigana mitaani, na nyumbani wanawake na watoto wakilipa. Wanawake wa makanisa wakajikusanya, wakazunguka na saini, wakasimama mbele ya wanaume waliozoea kuwasemea, na mwaka 1977 suala likapigiwa kura. Mwaka 1978 pombe ikapigwa marufuku Moen, kuuza na kunywa. Mwanzoni mji ulitulia na majeruhi wakapungua. Kisha magendo yakakua, maana Moen palikuwa ndipo penye bandari na uwanja wa ndege wa eneo zima na mizigo ya visiwa vingine ilipita hapo hapo. Bei ikapanda, na waliotajirika ni waliokuwa na jamaa gatini. Pamoja na hayo wanawake wale hawakutaka sheria ifutwe. Walijua chupa bado zinapita, lakini mlevi aliyejificha alikuwa na adabu kuliko mlevi aliyetamba barabarani, na hilo kwao lilikuwa na thamani. Siwezi kuwalaumu.

Ndiyo maana nikiulizwa kama udhibiti wa mlangoni hupunguza ulevi, sitoi jibu moja. Ushahidi wa nchi nyingi unaonyesha kwamba bei na urahisi wa kupata ndivyo vinavyoamua watu wanakunywa kiasi gani. Finland, ambako shirika la serikali lilikuwa na haki ya pekee ya kuuza, mwaka 1969 iliruhusu bia ya nguvu ya kati iuzwe katika maduka ya vyakula, na unywaji wa nchi nzima ukapanda kwa karibu nusu ndani ya mwaka mmoja. Kwa hiyo serikali iliyoshika uuzaji inao uwezo wa kupunguza ulevi. Suala ni kama inataka. Nchi za Skandinavia zilipounda mashirika yao zilisema waziwazi kwamba muuzaji asiwe na hamu ya kuuza zaidi: maduka machache, saa chache, matangazo hakuna. Norfolk ghala lilikuwa ni mapato, na bajeti ya mwaka ujao ilihitaji lisiuze pungufu ya mwaka huu. Mshika mawili moja humponyoka. Serikali ikihitaji watu wanywe ili iwalipe walimu, haiwezi kuwa na nia safi ya kuwaambia wapunguze.

Sasa nije kwenu. Unguja haikuwa na mpango wa Norfolk mwaka 2024, na ni muhimu usivichanganye. Kwenu serikali haiagizi; bodi ya vileo hutoa leseni kwa makampuni machache yaagize. Ripoti za Januari 2024 zilieleza kwamba waagizaji waliokuwepo kwa miaka mingi hawakuongezewa leseni, wapya wakateuliwa, na katikati hapo bidhaa zikakatika huku bei za baadhi ya bia zikikaribia kuongezeka maradufu. Waziri wa utalii, Simai Mohammed Said, akajiuzulu akisema mazingira ya kazi hayakuwa rafiki. Kilichowaumiza nyinyi kilikuwa uchache wa milango pamoja na ghafla ya mabadiliko. Faida ya uchache huo, tofauti na Norfolk, haikwenda hazina. Ilikwenda kwa yeyote aliyeshika leseni siku ile.

Je, serikali kuwa mwagizaji pekee ingefaa? Kwa maoni yangu, hapana, kwa sababu tatu ambazo nimekwisha kuzidokeza na sasa naziunganisha. Pwani yenu haizibiki, kwa hiyo kila shilingi mtakayoongeza juu ya bei ya bara itavusha chupa kwa boti. Soko lenu ni kubwa na la aina nyingi. Hoteli ya Nungwi inahitaji mvinyo wa Afrika Kusini na Italia, baa ya mjini inahitaji bia ya bara, na ghala moja la umma litakosea makadirio mara kwa mara. Na jambo la tatu linahusu imani. Zanzibar ni nchi ya Waislamu walio wengi, na nimewasikia watu wema wakisema afadhali serikali ishike pombe ili iibane. Lakini kushika kwa namna ya Norfolk maana yake ni serikali ya Waislamu kuwa mfanyabiashara mkuu wa pombe, na mishahara ya walimu wa madrasa na skuli ikachanganyika na faida ya duka hilo. Ushuru una mashaka yake ya kidini, najua, na masheikh wameujadili. Ila kutoza na kuuza si kitu kimoja, na sidhani wanaopendekeza mpango huo wamelifikiri hilo hadi mwisho.

Ninachoona kinawezekana ni hatua ya kati. Waagizaji wawe wengi kiasi kwamba mmoja akianguka soko lisitikisike, ushuru utungwe hadharani na Baraza la Wawakilishi, na anayetoa leseni asiwe na maslahi yoyote katika mauzo. Mahali pa kuuzia papangwe kwa kuwasikiliza wakaazi wa shehia husika, kama mabaraza ya Tokelau yanavyofanya. Mwenye hoteli ufukweni na mama anayelea watoto Ng'ambo hawaguswi na pombe kwa namna moja, na hakuna haja ya kuwapangia sheria moja.

Kwako wewe binafsi, hadi mambo hayo yafikiriwe: usiwe na msambazaji mmoja, hata kama bei yake ni nzuri. Jua leseni ya kila msambazaji wako inakwisha lini, na uiandike kwenye kalenda yako kama unavyoandika tarehe ya kumalizika kwa bia yenyewe. Kontena la mvinyo huchukua wiki kadhaa tangu kuagizwa hadi kutolewa bandarini. Basi akiba ya ghala lako ipimwe kwa wiki hizo, na msimu wa Disemba hadi Februari uongeze. Chama chenu cha wenye hoteli nacho kidai jambo moja tu kwa bodi, ambalo halihitaji kubadili sheria yoyote: uamuzi wa kumnyima mwagizaji leseni utangazwe walau miezi mitatu kabla ya leseni yake kumalizika, ili aliyeteuliwa mpya awe ameagiza na mzigo wake umefika kabla ya yule wa zamani kufunga ghala.